Gurudumu la Kushoto

Katika daftari la bandari ya Porth Helyg
nguruwe wamehesabiwa mmoja mmoja:
kumi na tisa, wawili wana alama ya chaki.
Siagi, mapipa arobaini na moja.
Vigae vya mawe, tani sita.
Abiria, ishirini na watatu.

Watoto wa chini ya miaka mitatu walisafiri bure,
na kisicholipiwa hakiandikwi.

Iliitwa Gwenfron, meli ya mvuke
yenye gurudumu kila ubavu, kama bibi
aliyeshika kiuno kwa mikono miwili
akisubiri mtu ajieleze.
Mji uliijua kwa kikohozi
kabla moshi haujazunguka rasi.
Kila Jumanne Liverpool, kila Ijumaa nyumbani,
miaka kumi na mmoja,
hata mwalimu wa kwaya akafundishia mapigo yake.

Ekseli ya kushoto ilikuwa na ufa.
Fundi Ifor Bebb aliujua
kama ulimi ujuavyo jino bovu.
Aliwaandikia wenye meli barua tatu;
nakala zipo, mwandiko wa mtu aliyenawa mikono kwanza.
Jibu lilikuja moja:
Baada ya msimu wa siagi.

Usiku ule wa Februari, mwaka wa sitini na saba,
upepo haukuwa wa kutisha.
Nasema hivi kwa sababu baraza la uchunguzi lilisema upepo,
na upepo, maskini, hauna wakili.

Babu wa babu yangu, Elis Cadwaladr,
alikuwa mlimani akimzalisha kondoo,
mkono umezama hadi kiwikoni.
Akainua uso, akaziona taa baharini.
Zilikuwa zinazunguka.
Mara ya kwanza taratibu, ya pili, ya tatu,
duara safi, kama mtu anayekoroga uji.
Akacheka. Akamwambia kondoo,
"Nahodha Meurig ana harusi ndani leo."
Mwanakondoo akatoka, mzima, akipiga chafya.
Elis alipoinua tena uso
bahari ilikuwa bahari.

Hata mtoto aliyepanda mtumbwi mara moja ajua:
ukipiga kasia upande mmoja
huendi, wazunguka.
Gurudumu la kushoto lilikatika,
la kulia halikuambiwa.
Likaendelea na kazi kwa utiifu wote,
likiigeuza meli, ubavu wazi, kuelekea kila wimbi.
Kwa nini Ifor hakuzima injini?
Labda chumba kilishajaa maji.
Labda alizima, na Elis alihesabu vibaya.
Nyumba yetu imejengwa kwa labda nyingi.

Marged Pugh alikuja bandarini siku ya nne
akitaka jina moja tu liandikwe.
Karani akamwonyesha safu: nauli, mzigo, uzito.
Hapakuwa na safu.
Lakini chini ya nguruwe, kwa penseli,
mwandiko mdogo kama wa mwizi:
Nest. Miezi kumi na minne.

Wapiga mbizi waliiona mwaka juzi, kiangazi.
Gurudumu la kulia lipo,
vibao vyote tisa mahali pake, limevaa kome.
La kushoto hawakuliona.

Mimi ninacho kibao chake kimoja.
Elis alikiokota ufukweni, hakukipeleka kwa karani.
Mkewe Lowri akakifanya cha kukandia mkate,
na mikate ya nyumba yetu tangu hapo
ina vipele vinne tumboni,
mahali pa misumari.
Elis alikula mkate wa dukani mpaka kufa.
Hakuna aliyemuuliza.

Ijumaa ndiyo siku yangu ya kukanda.
Nasukuma kwa mkono mmoja, mwingine una baridi yabisi,
na donge lazunguka palepale,
mara ya kwanza, ya pili.
Nasimama kabla ya tatu.
Kushoto kulikatika.
Kilichobaki ni kulia.